Juu ya Kuvipaka Vyombo vya Mbao Mafuta na Nta

Mtu akinunua kiti kipya, au meza, au kabati la nguo, jambo la kwanza amwulizalo fundi ni bei, na la pili ni kama kitang'aa. Fundi naye, kwa kuwa ataka kuuza, hujibu kwamba kitang'aa kama kioo. Na kweli, siku ya kukichukua hung'aa. Hakuna aulizaye kitakuwaje baada ya miaka mitano, wala ni nani atakayekitengeneza kitakapokwaruzika. Sisi tuandikao maneno haya tumefundisha useremala shuleni kwa miaka mingi katika nchi ya Unyamwezi, nchi ya mininga na nyuki, na katika miaka hiyo tumeona vyombo vingi vizuri vikiharibika, si kwa kutumiwa, bali kwa kupakwa. Kwa hiyo twaomba wasomaji watuvumilie kidogo tuzungumze juu ya jambo hili, ambalo kwa watu wengi ni dogo.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba ubao hata ukikauka haukomi kufanya kazi. Wakati wa masika hunywa unyevu wa hewa ukavimba, na wakati wa kiangazi huutoa ukasinyaa. Kila seremala aliyetengeneza mtoto wa meza mwezi wa Agosti anajua, maana mwezi wa Januari huitwa na mwenye meza aje aufungue. Sasa, ukiuvika ubao huo ngozi ngumu ya rangi au vanishi, ubao utavimba na kusinyaa, lakini ngozi ile, ikishazeeka, haiwezi kuufuata. Hupasuka nyufa ndogo ndogo, maji huingia katika nyufa, na yakiisha kuingia hayana njia ya kutoka. Ndipo utakapoona vanishi imeumuka na kubanduka kama ngozi ya nyoka, na chini yake mbao zimekuwa nyeusi. Mwenye chombo akitaka kukitengeneza, hana budi kuiondoa ngozi yote, toka juu mpaka chini, kabla ya kupaka mpya. Kazi hiyo ni kubwa kuliko ile ya kwanza, na wengi huiacha.

Mafuta na nta havifanyi ngozi nene. Mafuta huingia ndani ya vinyweleo vya ubao yakakaukia humo. Nta hukaa juu kwa wembamba sana, nayo ni laini, hupinda pamoja na ubao. Mahali palipochakaa waweza kupapaka peke yake, dakika chache, na mtu asitambue. Hilo ndilo tulitakalo wasomaji walishike katika haya yote: uzuri wa nta si kwamba haichakai, maana huchakaa upesi kuliko vanishi, bali kwamba mwenye chombo aweza kuirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Msomaji asidhani kwamba twaichukia vanishi kwa kuwa ni kitu cha kigeni. La, vanishi iliyosifiwa sana katika karne ya 19 ilitengenezwa kwa sandarusi, na sandarusi hiyo ilichimbwa katika pwani yetu. Ni utomvu wa mti ulioganda. Na ile bora haikugemwa mtini, bali ilifukuliwa ardhini, hata mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha kutoweka zamani, nayo ilikuwa vipande vigumu vyenye vipele juu yake kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ile mbichi iliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Wafanya biashara wa Kizungu, waliposhindwa na neno hilo, wakalitamka jackass, maana yake punda dume, na katika hesabu zao sandarusi mbichi ya Unguja ikaitwa sandarusi ya punda. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za mji wa Salem zikazidi kuja Unguja na nguo, zile ambazo hata leo twaziita merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Huko Salem kilikuwako kiwanda cha kuiosha.

Lakini sandarusi haikubali kuyeyuka katika mafuta hivi hivi. Ilipasa kwanza kuyeyushwa peke yake katika moto mkali sana, wa digrii 300 na zaidi, ndipo ikatiwa mafuta ya kitani yaliyo moto, na mwisho tapentaini. Kazi hiyo haikuwa ya kufanywa nyumbani, maana iliunguza watu na majengo. Kwa hiyo sisi tuliichimba na wengine wakaipika, na magari ya farasi ya matajiri wa Ulaya na Marekani yakang'azwa kwayo. Katika karne ya 20 viwanda vilijifunza kutengeneza utomvu wa kubuniwa, na soko la sandarusi likafifia. Twayasema haya kwa sababu wanafunzi wetu hufikiri kwamba elimu ya kupaka mbao ilikuja ndani ya kopo.

Turudi kwenye mafuta. Hapa watu wengi hukosea, nao hawana hatia, kwa kuwa mafuta yote huonekana namna moja yakiwa katika chupa. Yako mafuta yakaukayo, na yako yasiyokauka hata ukingoja mwaka mzima. Mafuta ya nazi hayakauki. Ukipaka kiti, kitang'aa siku tatu, kisha kitashika vumbi, na baadaye kitanuka. Mafuta ya karanga ni hali moja na hayo. Mafuta ya mbarika hayakauki pia. Ya alizeti hukauka nusu nusu, yakabaki kama gundi. Yanayofaa ni mafuta ya mbegu za kitani, ambayo hugeuka kwa hewa yakawa kitu kigumu chenye kunyumbulika. Watu wa pwani walikuwa na sifa, yaani mafuta ya papa, kwa ajili ya kuhifadhi mbao za majahazi. Na chini, mahali pazamapo majini, walipaka shahamu, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa. Dawa hizo ni nzuri kwa chombo cha bahari, lakini aliyewahi kupita karibu na jahazi jipya lililopakwa sifa hatatuuliza kwa nini hatulitumii darasani.

Mafuta ya kitani yana hatari moja ambayo lazima tuiseme kwa sauti kubwa. Yanapokauka hutoa joto. Juu ya meza joto hilo hupotea hewani, bali kitambaa kilicholoa mafuta, kikikunjwa na kutupwa pembeni pamoja na vingine, hulizuia joto ndani yake, likazidi na kuzidi mpaka kitambaa kikawaka chenyewe, pasipo kiberiti. Fundi mmoja jirani yetu alifunga karakana yake saa kumi na mbili jioni, akaamshwa usiku kwa moshi. Aliokoa randa zake na msumeno mmoja. Mbao za mvule alizoziweka miaka miwili zikauke ziliungua zote, pamoja na kitanda cha bibi arusi kilichokuwa kichukuliwe Jumamosi. Watu walisema mengi juu ya moto ule, wengine wakataja majina ya maadui zake. Sisi tulimwuliza neno moja tu: vitambaa alivitupa wapi? Akatuonyesha pembe ile ile ambako moto ulianzia. Tangu siku hiyo, katika karakana ya shule, kitambaa cha mafuta hutandazwa juu ya kamba nje, kimoja kimoja, au huzamishwa katika ndoo ya maji, na mwanafunzi asiyefanya hivyo hapewi kazi ya kupaka tena muhula huo. Watuita wakali. Na tuwe wakali.

Ama nta, katika nchi yetu haina haja ya kutafutwa mbali. Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zitoazo asali na nta kwa wingi, na tangu zamani za Wajerumani nta ilikuwa ikisafirishwa kutoka bandari zetu kwenda Ulaya. Mrina asali akiisha kukamua masega, huyachemsha katika maji, huyachuja kwa gunia, na maji yakipoa nta huelea juu kama mkate wa manjano. Nta safi iliyopoa ukiivunja huonyesha chembechembe, nayo hunukia asali. Iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe huteleza vidoleni. Hapa twaomba kusema neno pembeni. Mizinga ya magome ya mitundu huua miti, maana mti uliochunwa gome pande zote hauponi. Tukijisifu kwamba twatumia vitu vya asili, na huku miti inayowalisha nyuki inakauka porini, sifa yetu haina maana. Nta tununuayo sisi yatoka kwa warina wenye mizinga ya masanduku, na tukiweza kuwalipa zaidi kidogo kwa ajili hiyo, twalipa.

Kazi yenyewe ni hii. Ubao husuguliwa kwa msasa kufuata nyuzi zake, kwanza mkali, kisha mwororo. Wanafunzi wetu wa mjini hushangaa wakiambiwa kwamba msasa ni jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi. Majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa kale waliyatumia kusugulia mipini na bakuli za miti. Sisi huwapa majani hayo siku moja kila mwaka, wajaribu, na yafanya kazi. Ubao ukiwa mwororo hupakwa mafuta ya kitani mepesi, huachwa robo saa unywe, kisha yaliyobaki juu hufutwa yote. Tunasema yote, kwa maana mafuta yaliyoachwa juu huwa utando unaonata. Hungojwa siku kadha wa kadha, hupakwa mara ya pili, na ikiwezekana mara ya tatu.

Nta hupikwa hivi: sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu au nne za tapentaini, kwa uzito. Nta huyeyuka katika joto la digrii kama 63, kwa hiyo haihitaji moto mwingi. Chombo cha nta huwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta ikiisha kuyeyuka huondolewa nje, mbali na jiko, ndipo hutiwa tapentaini na kukorogwa. Ikipoa huwa laini kama siagi. Hupakwa kidogo sana kwa kitambaa, huachwa mpaka ifie, kisha husuguliwa kwa kitambaa kikavu cha sufu au pamba mpaka mkono uchoke. Mng'ao wake si wa kioo. Ni kama ule wa kigoda cha bibi yetu mzaa mama, chenye miguu mitatu, ambacho hakikupakwa kitu maisha yake yote ila mafuta ya mikono ya watu na moshi wa jiko. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kukikalia, na kwa hiyo tulikikalia kila alipokwenda kisimani.

Wako watakao rangi, nasi hatuwazuii. Mafundi wetu huijua ngeu, udongo mwekundu wa kuchorea mistari kwenye mbao. Udongo huo huo, ukisagwa na kuchujwa, ni rangi isiyofifia juani. Maziwa yaliyoondolewa siagi, yakiachwa yagande na kuchujwa maji yake, yakichanganywa na chokaa iliyozimwa, hufanya gundi yenye nguvu. Tia ngeu upate wekundu, tia masizi upate weusi. Mchanganyiko huo hutumiwa siku ile ile, na anayeukoroga alinde macho yake, kwani chokaa huunguza. Ukikauka huwa hauna mng'ao hata kidogo, wengine husema wafanana na ukuta, lakini ukiupaka mafuta na nta juu yake rangi hukoza ikapendeza. Tuna mabenchi mawili ya namna hiyo barazani, na wageni hutuuliza tumenunua wapi.

Sasa tuseme juu ya madawati, maana ndiyo hasa yaliyotufanya tushike kalamu. Shule yetu ina madawati 40 ya mninga yaliyotengenezwa na wanafunzi wa zamani, ambao wengine wao sasa wana wajukuu. Kwa miaka mingi yamepakwa rangi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta. Tulihesabu matabaka sita katika dawati moja, na la chini kabisa ni la manjano. Halmashauri ya wazazi ilikusanya fedha kidogo, ikaamua madawati yakwanguliwe na kupakwa rangi mpya inayong'aa, na wanafunzi wenyewe wafanye kazi ya kukwangua, kwa vipande vya chupa, ili kupunguza gharama. Tulipofika asubuhi tuliwakuta wavulana na wasichana wa darasa la tano wamekwisha kuanza, vumbi la manjano limewatanda mpaka kwenye kope.

Tuliwasimamisha, tukawapeleka kuoga. Wazee walituona kama watu wanaojitia ubwana, basi ilitupasa kueleza. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, hasa za manjano na nyekundu, na hata katika miaka ya karibuni vipimo vilivyofanywa katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki vimeikuta risasi katika baadhi ya rangi za mafuta zilizouzwa madukani. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto, kwa vumbi au kwa vidole vitiwavyo mdomoni, huudhuru ubongo wake, na madhara hayo hayaondoki. Shirika la Afya Ulimwenguni husema kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto wa namna hiyo hukawia kujifunza, nasi walimu humwita mvivu.

Mwenyekiti wa halmashauri, mzee tunayemheshimu, akatuambia, "Mwalimu, wazazi wakiona dawati linang'aa, huona kwamba shule yaenda mbele. Wakiona mbao tupu, watasema fedha zao zimeliwa." Tukamjibu, "Mzee wetu, hayo ni kweli." Na ni kweli, hatukuwa na jibu lingine. Bali mama mmoja aliyeketi nyuma, mwenye mtoto mgongoni, akasema, "Huyu wangu wa pili huguguna ukingo wa dawati akiwaza hesabu. Mimi naomba kujua anaguguna nini." Wote wakanyamaza. Ndipo tukapewa madawati 18 ya darasa moja, tuyajaribu kwa mafuta na nta muda wa miaka miwili, na mengine 22 yafungiwe ghalani mpaka hapo.

Rangi ile ya kale tuliiondoa sisi watu wazima, tukiwa tumeziba pua, tena kwa kuilowesha kwanza ili vumbi lisiruke. Makombo yake yakakusanywa katika mifuko, yasitupwe shambani. Kazi hiyo ilikula likizo nzima. Chini ya matabaka sita ulitokea mninga, mwekundu wenye mistari ya dhahabu, na mwalimu mwenzetu mmoja akakuta chini ya kiti jina la baba yake, limechongwa kwa ncha ya patasi. Wanafunzi waliruhusiwa kuja siku ya mafuta na siku ya nta.

Miaka miwili sasa imepita. Tukisema kwamba madawati yote ni mazuri tutakuwa tumedanganya. Wino umeacha alama nyingi. Mawili yaliyokuwa chini ya bati lililovuja yameota weusi kuzunguka misumari, na nta haikuweza kuuzuia. Mahali pa mvua nta si kinga. Wala haizuii dumuzi, ambao wameingia katika kipande kimoja cha ubao mweupe wa pembeni ambacho fundi wa zamani hakukiondoa. Lakini mwisho wa kila muhula, Jumamosi moja, wanafunzi huleta vitambaa, kila mmoja husugua dawati lake, na kufika saa sita kazi imekwisha. Kopo moja la nta latosha darasa zima. Hatujamwita fundi, wala hatujanunua rangi, na mtoto yule wa kuguguna yuko darasa la saba, bado anaguguna.

Halmashauri itakutana mwezi ujao kuamua juu ya yale 22. Wengine wao wangali wanapenda rangi ya samawati yenye kung'aa, na kopo la rangi lilinunuliwa tangu wakati ule, limo ghalani juu ya madawati yenyewe. Tumemwomba mwenyekiti mkutano ufanyike katika darasa la wale 18, si ofisini, wazee wakae kwenye madawati yale kwa muda wote wa mazungumzo. Amekubali, ila ameuliza kama nta haitachafua kanzu yake. Tumemwambia akae bila wasiwasi.